Kikokotoo kipya na mshahara wa sekta binafsi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimeshughulikia mishahara ya watumishi kwa miaka mingi, na nimegundua jambo moja: mtu hazungumzii pensheni mpaka abakiwe na miaka mitatu kustaafu. Hapo ndipo anaanza kusimama mlangoni na slipi mkononi, anauliza, "Hivi hiki kikokotoo mlichotuletea ni cha nini?" Kama vile mimi ndiye niliyekileta. Nimekusanya hapa maswali ninayoyasikia zaidi, ya watumishi wa umma na ya ndugu zao walio kwenye kampuni. Mifano yote ni ya Tanzania Bara.

Kikokotoo ni nini hasa?

Ni kanuni ya kugeuza miaka uliyofanya kazi na mshahara wako kuwa pensheni. Ina vitu vinne, na watu wengi wanakijua kimoja tu.

Cha kwanza ni miezi uliyochangia. Cha pili ni mshahara, na hapa unachukuliwa wastani wa miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi katika miaka kumi ya mwisho. Cha tatu ni kigawanyo, ambacho sasa ni 580: unazidisha mshahara wa mwaka kwa miezi uliyochangia, kisha unagawa kwa 580, unapata pensheni kamili ya mwaka. Cha nne ni mkupuo: sehemu ya hiyo pensheni inakatwa, inazidishwa kwa 12.5, unapewa kwa mara moja siku ya kuagwa. Iliyobaki inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi mpaka unaingia kaburini.

Asilimia zinazopigiwa kelele mitaani, 33, 35, 40, zinahusu kitu cha nne tu.

Zamani ilikuwaje?

Kila mfuko wa pensheni ulikuwa na sheria zake. PSPF na LAPF, walikokuwa walimu, manesi, askari polisi na watu wa halmashauri, zilitumia kigawanyo cha 540, mkupuo wa asilimia 50 na kizidisho cha 15.5. Mifuko mingine, ukiwamo PPF na NSSF, ilitumia 580, asilimia 25 na 12.5. Watu wawili waliosoma darasa moja na kulipwa mshahara mmoja waliweza kustaafu siku moja, mmoja akajenga nyumba na mwingine akanunua bati tu.

Agosti 1, 2018 PSPF, LAPF, PPF na GEPF ziliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. NSSF ikaachiwa sekta binafsi na waliojiajiri. Kanuni zilizofuata zikawapeleka wote kwenye 580, asilimia 25 na 12.5. Mtu aliyekuwa anasubiri nusu akaambiwa robo. Kilichotokea kila mtu anakikumbuka. Desemba 28, 2018 Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko Ikulu, akasitisha kanuni hizo na kuagiza kila aliyekuwa kwenye mfuko wa zamani alipwe kwa hesabu ya zamani hadi 2023.

Haikufika 2023. Julai 1, 2022 kikaanza kikokotoo kimoja kwa wote: 580, asilimia 33, 12.5. Kisha kwenye bajeti ya Juni 2024 mkupuo ukapandishwa: waliotoka kwenye mifuko ya asilimia 50 wakapewa 40, waliotoka kwenye ya asilimia 25 wakapewa 35. Ndipo tulipo.

Nipigie hesabu kwa namba. Maneno nimechoka nayo.

Haya. Tumchukue mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, na amechangia miezi 360, miaka 30 kamili.

Kwa kikokotoo cha sasa: 12,000,000 mara 360, gawa kwa 580, ni 7,448,276 kwa mwaka. Kama alitoka PSPF au LAPF, mkupuo wake ni asilimia 40 ya hizo mara 12.5, sawa na 37,241,379. Kila mwezi atapata 372,414. Kama alitoka kwenye mfuko wa asilimia 25, sasa ana asilimia 35: mkupuo 32,586,207 na kila mwezi 403,448.

Kwa hesabu ya zamani ya PSPF, mtu huyohuyo: 12,000,000 mara 360, gawa kwa 540, ni 8,000,000. Nusu yake mara 15.5 ni mkupuo wa 62,000,000. Kila mwezi 333,333.

Kwa hesabu ya zamani ya asilimia 25: mkupuo 23,275,862, kila mwezi 465,517.

Chukua kalamu uhakikishe mwenyewe. Mimi nilirudia mara tatu.

Naona pensheni yangu ya mwezi imepanda kutoka 333,333 hadi 372,414. Si nimefaidika?

Hapana. Hili ndilo swali ninalotamani watu waliulize kwa sauti kubwa zaidi.

Nyongeza ni shilingi 39,081 kwa mwezi. Ulichopoteza kwenye mkupuo ni 24,758,621. Gawa cha pili kwa cha kwanza: unahitaji miezi 633 kukirudisha, karibu miaka 53. Ukistaafu na miaka 60, utakuwa umelipwa haki yako ukiwa na miaka 113. Mungu akujalie.

Tena angalia hasara inatoka wapi. Kama serikali ingekuachia asilimia 50 zako lakini ikatumia 580 na 12.5, mkupuo wako ungekuwa 46,551,724. Kwa hiyo katika milioni 24.7 zilizoondoka, zaidi ya milioni 15 zimeondolewa na kigawanyo na kizidisho. Kupunguzwa kutoka asilimia 50 hadi 40 kumekula milioni 9 na kidogo tu. Kwenye vikao vya Mei Mosi mabango yanadai asilimia zirudi 50. Sijaona bango la 540. Sijaona bango la 15.5. Ukidai asilimia peke yake, ukipewa utapewa kidogo na utashangilia.

Na hicho 12.5 kimetoka wapi?

Ni miaka. Unapochukua mkupuo, unauza sehemu ya pensheni yako ya kila mwezi, na mfuko unakulipa bei ya miaka 12 na nusu. Ushahidi uko kwenye mfano wetu: aliyekuwa kwenye asilimia 25 akapandishwa hadi 35 alipata mkupuo zaidi wa 9,310,345, na pensheni yake ya mwezi ikapungua kwa 62,069. Gawa: miezi 150 kamili. Miaka 12 na nusu.

Maana yake, ukistaafu na miaka 60 na ukaishi zaidi ya miaka 72 na nusu, yule aliyechukua mkupuo mdogo na pensheni kubwa ameanza kukupita. Sijahesabu kupanda kwa bei, wala faida ambayo ungeipata kwa kuzungusha hela zako. PSPF ilikuwa inanunua kwa bei ya miaka 15 na nusu. Ndiyo maana watu wake walijenga.

Kwa nini wamebadilisha?

Jibu la serikali ni tathmini ya uhai wa mifuko: ahadi zilizidi uwezo. Hilo ni kweli, hasa kwa PSPF. Lakini halijaisha hapo.

Kabla ya Julai 1999 watumishi wa serikali hawakuwa wanachangia. Mfuko ulipoanza, uliwalipa wastaafu pensheni kwa miaka yao yote, ikiwamo ile ambayo hakuna aliyeichangia, na serikali ilipaswa kufidia. Deni hilo la kabla ya 1999 lilikaa miaka mingi. Mwaka 2021 serikali iliamua kulilipa sehemu kwa hatifungani maalumu isiyo taslimu, yaani hati ya ahadi ya kulipa badala ya fedha mkononi, ya shilingi trilioni 2.17. Ongeza mikopo ya mifuko kwenye miradi ya serikali, kama majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Mfuko ulikuwa unadai huku unalipa. Mimi nikisikia "mfuko ulizidiwa na wanachama", nauliza kwanza ulizidiwa na nani.

Mimi niko kampuni binafsi. Haya yananihusu?

Yanakuhusu kwa njia moja ya ajabu: tofauti kubwa ya pensheni kati ya umma na binafsi imekufa. Zamani mtu alivumilia mshahara mdogo wa serikali kwa sababu mwisho wa safari kulikuwa na mkupuo wa PSPF. Leo kigawanyo chenu ni kilekile 580, kizidisho kilekile 12.5. Kilichobaki ni tofauti ya makato, tofauti ya miezi, na tofauti ya mshahara wenyewe.

Mshahara wa milioni moja serikalini na milioni moja kampuni, nani anabaki na nyingi mkononi?

Wa serikali. Michango yote miwili ni asilimia 20 ya mshahara, ila kwa PSSSF mtumishi anakatwa 5 na mwajiri anatoa 15. Kwa NSSF kawaida ni 10 kwa 10. Mwajiri anaweza kubeba zaidi, lakini hawezi kukukata zaidi ya 10.

Wa serikali: anakatwa 50,000 ya PSSSF. Kodi ya mshahara (PAYE) inatozwa kwenye 950,000 zilizobaki, sawa na 115,500. Mkononi 834,500.

Wa kampuni: anakatwa 100,000 ya NSSF. Kodi kwenye 900,000 ni 103,000. Mkononi 797,000.

Hapo sijagusa bima ya afya, ada ya chama wala marejesho ya mkopo wa elimu ya juu (HESLB), maana hizo zinategemea mtu. Tofauti ni 37,500 kila mwezi. Ili wa kampuni abaki na 834,500, lazima mshahara wake uwe kama 1,056,000. Kwa hiyo mtu akikupigia simu kukupa "milioni moja ileile unayopata huko serikalini", mjibu kwamba si ileile.

Na kampuni ikiniahidi 1,200,000?

Mkononi utapata 928,000, yaani 93,500 zaidi ukilinganisha na milioni moja ya serikali. Mshahara wa kukokotolea pensheni nao umepanda. Kwa karatasi umeshinda.

Sasa uliza mambo mawili. Mkataba ni wa muda gani? Na ukiisha, miezi mingapi utakaa nyumbani kabla ya mwingine? Pensheni haihesabu miaka uliyoishi, inahesabu miezi iliyochangiwa. Chukua mtu wa kampuni mwenye wastani wa milioni moja ambaye, kwa sababu ya mikataba kukatika, amefikisha miezi 200 tu badala ya 360. Kwa mkupuo wa asilimia 35, atapata 18,103,448, na kila mwezi 224,138. Mwenzake wa serikali mwenye mshahara huohuo na miezi yote anapata karibu mara mbili. Tena kuna mstari wa chini: usipofikisha miezi 180, miaka 15, pensheni ya kila mwezi huipati.

Kwa jumla, sekta binafsi inalipa vizuri zaidi au la?

Inategemea umesimama wapi. Kwenye benki, migodi na kampuni za simu, mtu mwenye shahada na uzoefu anamwacha mtumishi wa daraja lake mbali sana. Kwenye shule binafsi za mtaani, maduka, viwanda vidogo na hoteli nyingi, hali imegeuka. Kima cha chini cha serikali kilipandishwa kwa asilimia 35.1 Julai 2025, kutoka 370,000 hadi 500,000. Kima cha chini cha sekta binafsi kimepandishwa kutoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026, na amri ya mishahara bado inagawa viwango kwa sekta. Mlinzi wa ofisi ya halmashauri na mlinzi wa duka wanakesha usiku mmoja, ila hawalipwi sawa.

Wanaosema "sekta binafsi inalipa" huwa wanafikiria meneja wa tawi. Hawamfikirii mwalimu wa shule ya msingi binafsi anayelipwa kwa miezi tisa.

Posho zangu zinaingia kwenye pensheni?

Kama haikatwi mchango, haiingii. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi kama mwenye milioni mbili kwa sababu ya safari na vikao, akastaafu kama mwenye laki nane. Huu ni ugonjwa wa pande zote mbili. Kampuni zinapenda kuandika mshahara mdogo na posho kubwa. Unafurahia mwisho wa mwezi, unalia mwisho wa kazi.

Nimepandishwa daraja mwaka wangu wa mwisho. Pensheni itapanda sana?

Itapanda, lakini kwa theluthi moja tu ya ulichotarajia. Wastani ni wa miaka mitatu bora, na daraja jipya limekaa kwenye mmoja. Upandishaji uliocheleweshwa unamuumiza mtumishi mara mbili: anakosa mshahara akiwa kazini, na anakosa tena kila mwezi akiwa nyumbani.

Nistaafu kwa hiari nikiwa na 55 au nisubiri 60?

Kwa mshahara uleule wa milioni moja, miezi 300 badala ya 360, kwa kundi la asilimia 40: mkupuo 31,034,483 badala ya 37,241,379, na kila mwezi 310,345 badala ya 372,414. Hiyo ni bila kuhesabu nyongeza za mishahara za miaka mitano ambazo utazikosa. Kwa upande mwingine unapata hela miaka mitano mapema ukiwa bado na nguvu za kusimamia shamba. Maprofesa na madaktari bingwa wana umri wao: hiari 60, lazima 65.

Sijawahi kumshauri mtu mwenye mtoto chuo kikuu aondoke na 55. Wengine wote huwa nawaachia waamue na wenza wao.

Fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yako kazi ikiisha kabla ya kustaafu, bado lipo?

Liliondolewa na sheria ya 2018. Badala yake kuna fao la kukosa ajira: asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Kwa mtumishi wa umma jambo hili ni la nadra. Kwa watu wa mikataba ya sekta binafsi ndilo jeraha kubwa kuliko kikokotoo chenyewe, maana wao walizoea kutumia NSSF kama mtaji wa katikati ya safari: mkataba unaisha, unachukua chako, unanunua bajaji. Najua hoja ya mfuko, kwamba pensheni si akiba ya benki. Lakini ukimwambia mtu wa miaka 32 asubiri hadi 55 hela iliyokatwa kwenye jasho lake, na leo hana kodi ya nyumba, usitegemee akuelewe.

Nikihama kutoka kampuni kwenda serikalini, miezi yangu ya NSSF inapotea?

Haipotei. Sheria inaruhusu vipindi vya uchangiaji kuunganishwa ili ufikishe miezi 180. Ila tunza barua zako zote za ajira na taarifa za michango. Jina moja kuandikwa tofauti kwenye mifuko miwili limewazungusha watu miezi.

Mwajiri ananikata lakini hapeleki. Nitajuaje?

Usisubiri kustaafu. PSSSF ina programu ya simu, PSSSF Kiganjani, na NSSF ina mfumo wake wa wanachama mtandaoni. Fungua kila baada ya miezi mitatu, linganisha na slipi. Ukiona pengo, nenda ofisi ya mfuko, si kwa mwajiri kwanza. Nimeona mtu aliyekatwa miaka minne na kampuni moja, na kwenye taarifa yake kuna miezi kumi na moja. Kampuni ilikuwa imeshafungwa.

Kenya wenzetu wamefanyaje?

Wamekwenda njia nyingine. Tangu Januari 1, 2021 watumishi wao wenye umri chini ya miaka 45 waliingizwa kwenye mfuko mpya ambapo mtumishi anachangia hadi asilimia 7.5 na serikali 15, na anachokipata mwisho kinategemea michango na faida yake, si kanuni ya mshahara na miezi. Kwa sekta binafsi, NSSF yao ilitoka kwenye mchango wa shilingi 200 kwa mwezi hadi asilimia 6 kwa 6 kuanzia Februari 2023, na kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kinapanda kila mwaka. Kelele zao za slipi kupungua unazijua. Zetu ni za mkupuo kupungua.

Nimebakiza miezi minne. Nifanye nini sasa hivi?

Hakiki miezi yako na jina lako. Maliza au punguza mikopo, hasa ile ya kausha damu, maana wenye nayo wanajua tarehe yako ya kustaafu kuliko mwanao. Omba mfuko ukupe makadirio kwa maandishi, kisha uyapige mwenyewe kwa kanuni niliyoandika hapo juu.

Na simu itapigwa. Sauti ya heshima sana, itakuita mzee, itataja jina lako na hata shule uliyofundisha, itasema faili lako limekwama na linahitaji laki mbili lisogee. Mfuko haudai ada ya kusogeza faili. Kata simu, nenda ofisini kwao na kitambulisho chako.